Filamu ya 120 imetoka vibaya: kutafuta chanzo kwenye kamera ya macho mawili

Iache kamera mezani kwanza. Najua mkono unawasha kushika bisibisi: umenunua filamu kwa bei ya kuuma, umenunua dawa, umesubiri ikauke, na katika picha 12 zimetoka nne. Lakini iwe Rolleiflex au Rolleicord ya Braunschweig, Yashica-Mat au Minolta Autocord ya Japani, au Lubitel ya Leningrad, kamera hizi kosa lao huliandika kwenye filamu, na kila kosa lina mahali pake pa kuandikwa.

Nililijua hilo kwa aibu. Nilipiga harusi ya binamu yangu kwa Yashica-Mat 124G, nusu ya picha hazikutoka, nikaamini shata, kile kilango kinachofunguka kupitisha mwanga, imekufa. Nikaipeleka kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa na studio mjini. Nikaanza kuitoa kwenye begi. "Iache humo humo, mwanangu," akasema. "Nipe filamu." Akaiinua dirishani, akahesabu kimya kimya, kisha akaniuliza nilipiga ngapi. Nikamwambia ishirini na kitu. Akacheka mpaka akavua miwani. Filamu ya 120 kwenye kamera hii inatoa picha 12 za mraba, na 12 zote zilikuwepo, safi kabisa. Bamba la kukandamiza filamu lilikuwa limesukumwa upande wa 220, ile filamu ndefu ya picha 24, hivyo kihesabio hakikusimama kwenye 12. Picha za keki nilizipigia hewani.

Basi bamba hilo ni la kwanza kukaguliwa kwa mwenye 124G. Lakini somo kubwa lilikuwa lile la kuisoma filamu, nami nalifuata hapa chini.

Filamu ni angavu, hakuna kitu

Usitazame picha. Tazama ukingo. Filamu ya 120 ina upana unaozidi sentimita 6 kidogo, na picha yenyewe inachukua milimita 56 hivi, kwa hiyo pembeni kunabaki ukanda mwembamba. Kwenye ukanda huo kiwanda kimekwisha kuchapa, kwa mwanga, jina la filamu na namba. Maandishi hayo yanasafishwa kwa dawa ile ile na dakika zile zile za picha zako, lakini hayakupita kwenye lenzi yako. Ndiyo maana ni shahidi asiyependelea upande.

Herufi hazipo kabisa: kamera haina kosa. Ama dawa ya kusafishia ilikuwa imekufa, ama ulitangulia kumimina fiksa, ile dawa ya kukazia picha. Chupa mbili za rangi moja kwenye rafu moja, gizani, zimewaponza wengi kuliko wanavyokiri.

Herufi zipo, nyeusi na kali, picha hazipo: mwanga haukuifikia filamu. Kifuniko cha lenzi ya chini ni mshukiwa wa kwanza, kwa sababu wewe unatazama kupitia lenzi ya juu na huoni kama ile ya kupigia imezibwa. Mshukiwa wa pili ni filamu iliyopakiwa kinyume, karatasi nyeusi ikaielekea lenzi. Wa tatu ni shata isiyofunguka. Fungua mgongo kamera ikiwa tupu, fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, weka kasi ya shata 1/30 ya sekunde, ielekeze dirishani na ubonye huku ukichungulia kwa nyuma. Usipoona mmweko wa mwanga, bamba za shata zimegandana, mara nyingi kwa mafuta yaliyotiririka kutoka kwenye gia zake.

Kama picha zilizopotea ni zile tu ulizopiga kwa flashi, angalia kijiti chenye herufi M na X karibu na lenzi. M ni ya zile taa za zamani za kuungua mara moja, ambazo huhitaji muda kidogo kufika kileleni, kwa hiyo kamera huziwasha mapema kabla shata haijafunguka. Flashi ya kisasa ya umeme huwaka na kuzimika ndani ya muda huo. Weka X. Faida ya shata ya kamera hizi, iliyomo ndani ya lenzi, ni kwamba kwenye X flashi inakubali kasi zote hadi 1/500.

Filamu nyeusi tupu mpaka ukingoni, hiyo imeungua. Mgongo ulifunguka, au tangi la kusafishia halikufungwa sawasawa.

Picha zimepandana, au zimeachana mno

Hapa kamera zinatofautiana, na makosa mengi yanatokea dakika ya kupakia.

Yashica-Mat na Rolleicord zinataka mshale uliochapwa kwenye karatasi ulingane na alama za pembeni ndani ya kamera kabla hujafunga mgongo. Ukiupitiliza mshale, picha ya kwanza inaanza mbele mno na ya mwisho inaning'inia ukingoni mwa filamu au inakatwa kabisa. Ukiufunga kabla haujafika, picha ya kwanza inaweza kuangukia kwenye karatasi tupu.

Rolleiflex Automat, iliyotoka 1937, haitaki mshale. Karatasi unaipitisha katikati ya rola mbili zilizo chini, na rola hizo zinahisi unene unapoongezeka pale filamu inapoanza, ndipo kihesabio kinapoamka. Ukiipitisha juu ya rola badala ya katikati, kamera haijui kwamba filamu imefika. Utazungusha hendeli, utazungusha, filamu yote itapita bila kusimama. Hakuna kilichovunjika, umeipitisha njia siyo.

Lubitel nyingi hazina ulinzi wowote. Filamu unaisogeza kwa kutazama namba kwenye dirisha jekundu la nyuma, na shata unaikoki, yaani unaivuta iwe tayari kupiga, kwa mkono wako. Ukisahau kusogeza, watu wawili wanakaa kwenye fremu moja. Ukisogeza mara mbili, unaacha pengo. Jiwekee desturi moja usiibadilishe: mimi husogeza mara tu baada ya kupiga. Kumbuka pia karatasi ya 120 ina safu tatu za namba, za picha 16, 12 na 8. Lubitel 166 Universal, inayokubali vipimo viwili, ina madirisha mawili, na ukisoma lisilo lako picha zote zinapandana kwa kipimo kile kile. Kupandana kwa mpangilio ni kosa la mtu.

Kupandana kusiko na mpangilio, mara milimita tano, mara hakuna, ndiko kunakoashiria gia iliyochakaa au spuli inayoteleza. Hiyo ni kazi ya fundi.

Mwanga umeingia

Uliza swali moja: weusi huo kwenye negativu (filamu iliyosafishwa, ambako mwanga huonekana mweusi) umevuka mpaka wa picha na kuingia ukingoni, au umeishia ndani ya mraba?

Ukiishia ndani ya mraba, mwanga umetokea mbele, kwa sababu fremu ya chuma ndiyo iliyoukata. Shata haifungi vizuri, au kuna tundu kwenye chumba kilicho baina ya lenzi na filamu, au jua lilipiga lenzi moja kwa moja. Hili la mwisho si ugonjwa. Lenzi za zamani zisizopakwa dawa ya kupunguza mng'ao zinahitaji kofia ya lenzi, na kiganja cha mkono kinatosha ukikosa.

Ukivuka mpaka, mwanga umetokea nyuma au kwenye filamu ikiwa imeviringwa. Sasa tenganisha hayo mawili. Mwanga ulioingia kwa filamu iliyoviringwa kwa ulegevu huonekana kama mawimbi kwenye kingo zote mbili, yanayopungua kadiri yanavyoelekea katikati, tena yanajirudia. Spuli ilinenepa, karatasi haikubana pembeni, jua likapenya. Dawa yake ni kuikaza karatasi kwa kidole gumba unapozungusha mara za kwanza wakati wa kupakia, na kuitoa filamu kivulini. Kivulini kweli kweli, maana jua la mchana la huku kwetu halina mzaha; mimi hugeuka na kutolea ndani ya begi au chini ya kanga. Na ile gundi ya kufungia, ilambe uifunge kabla hujafanya jingine lolote.

Mwanga ulioingia kwa mgongo wa kamera una sura nyingine: mstari au doa mahali pale pale karibu kila picha, kali zaidi kwenye ile fremu iliyokaa muda mrefu kamera ikiwa juani. Kumbuka lenzi huipindua picha juu chini. Kwenye Rolleiflex na Yashica-Mat mgongo una bawaba juu na kufuli chini, kwa hiyo kufuli ikilegea, doa unaliona upande wa anga, wala si miguuni mwa watu. Wengi hubandika utepe mweusi juu wakashangaa tatizo halijaisha.

Ili uwe na hakika, ingia chumba cha giza, washa tochi ndogo ndani ya kamera tupu, funga mgongo, zunguka ukitazama kila mshono. Sponji au uzi mweusi uliooza kwenye mifereji ya mgongo unabadilishwa kwa uzi wa kufumia mweusi, gundi kidogo, na subira. Kwa Lubitel, duara hafifu katikati ya picha, wakati mwingine likiwa na namba ndani yake, limetoka kwenye dirisha jekundu. Bandika utepe, ufunue wakati wa kusogeza tu.

Namba na vidoti vya karatasi vinaweza kujichapa kwenye picha hata pasipo dirisha. Hiyo ni filamu iliyokaa kwenye joto na unyevu, wino wa karatasi ukaigusa. Weka filamu kwenye friji ikiwa ndani ya mfuko wake, na ukiitoa iache saa kadhaa kabla ya kuifungua, la sivyo unyevu utaifuata ndani na umejiletea ugonjwa uliokuwa unaukimbia.

Kwenye kioo ilikuwa kali, kwenye filamu imefifia

Lalamiko hili ndilo nilisikialo zaidi, na ndilo lenye vyanzo vingi. Kamera ina lenzi mbili zinazotembea kwenye bamba moja: ya juu inakuonyesha, ya chini inapiga. Mkataba wao ni kuona sawa. Lakini kabla ya kuzituhumu, jiulize mambo matatu.

Je, picha nzima imefifia, au kuna kitu kingine kilicho kali? Kama masikio ni makali na macho siyo, lenzi ni nzima, fokasi ndiyo ilipita. Kwa lenzi ya milimita 80, tundu likiwa f/3.5 na mtu akiwa mita 1.5, eneo lililo kali ni kama sentimita 12 tu. Mtu akipumua, ametoka. Tumia kile kikuza kidogo kilichomo ndani ya kofia ya kutazamia. Kukadiria kwa jicho tupu hakutoshi.

Je, kila kitu kimevutwa upande mmoja, taa zimekuwa vistari? Huo ni mtikisiko. Kaza mkanda shingoni, sukuma kamera chini mpaka mkanda usimame kama kamba ya ngoma, bonya polepole ukitoa pumzi. Chini ya 1/60 tafuta ukuta au stendi.

Je, ni picha moja tu, yenye utepe wa ukungu unaokatiza, na ilipigwa asubuhi baada ya kamera kulala? Kwenye nyingi ya kamera hizi filamu hupinda kona kali chini kabla ya kupanda mbele ya lenzi. Ikilala hapo usiku kucha, inashika umbo, na ile sehemu iliyopinda ikifika mbele ya lenzi hailali bapa. Kwa hiyo usilaze kamera katikati ya filamu ukiwa na picha muhimu ya kufuata.

Ukishayaondoa hayo, pima. Fungua mgongo, bandika selotepu ya ukungu, ile isiyong'aa, ikiwa imekazwa kwenye reli za ndani ambapo filamu hukaa. Weka shata kwenye B, inapobaki wazi muda wote unaobonya, tundu wazi kabisa, kamera kwenye stendi, elekeza kitu cha mbali: mnara wa simu, mnazi ulio upande wa pili wa ghuba. Kaza fokasi kwa kioo cha juu, kisha tazama selotepu kwa kikuza. Rudia kwa kitu kilicho mita moja. Zote mbili zikiwa kali, kamera haina hatia. Kioo cha juu kikiwa kikali na selotepu siyo, lenzi haziafikiani.

Kwa nini? Mara nyingi mtu aliwahi kufungua lenzi ya mbele kusafisha, akairudisha bila kuikaza mpaka mwisho wa nyuzi. Au kioo cha kutazamia kiligeuzwa juu chini, upande uliokwaruzwa ukatazama juu. Au kioo cha ndani, kile cha mshazari, kimeteremka kwenye vishikizo vyake. Kwenye Lubitel lenzi mbili zimeunganishwa kwa meno pembeni. Zikifunguliwa na kurudishwa kwa kuruka jino moja, ndoa imevunjika. Tiba ni ile ile: acha lenzi ya chini ikiwa sahihi dhidi ya selotepu kwenye kitu cha mbali, kisha rekebisha ya juu iifuate. Usifanye kinyume. Na kile kioo cha mshazari usikifute kwa kidole wala shati, maana fedha yake imepakwa juu ya kioo na hutoka kama vumbi.

Vichwa vilivyokatwa kwenye picha za karibu si suala la fokasi. Lenzi ya juu iko sentimita 4 hadi 5 juu ya ile ya chini, hivyo inaona zaidi ya utosi. Rolleiflex husogeza kizuizi ndani ya kioo kulifidia hilo. Kwa kamera zisizo nacho, inua stendi kwa kiasi hicho hicho kabla ya kubonya.

Nzito mno, nyepesi mno

Rudi ukingoni. Herufi nzuri, picha nyepesi: mwanga ulikuwa mdogo. Herufi na picha zote nyepesi: dawa ilichoka au dakika zilikuwa chache. Herufi nzuri, picha nyeusi nzito: mwanga ulizidi, na kwenye kamera ya miaka sitini hapo ndipo shata inapoingia kizimbani.

Gia za kasi ndogo zinakauka mafuta. 1/500 na 1/250 huenda zikawa karibu na ukweli, ilhali 1/15 inavuta mguu na sekunde moja inagoma katikati. Rekodi shata kwa simu ikiwa kwenye mwendo wa fremu 240 kwa sekunde, mgongo wazi, dirisha nyuma yake, kisha hesabu fremu zenye mwanga. 1/30 inatakiwa kutoa 8, 1/15 itoe 16, 1/4 itoe 60. Ukipata 14 kwenye 1/30, jua kwamba unapiga karibu na 1/17, na unaweza kuishi na kasoro hiyo ukiikumbuka. Kwa 1/500 kipimo hiki hakifai. Usipulizie mafuta ya dawa ya kutu. Yatatambaa mpaka kwenye bamba za shata, na kesho hazitafunguka kabisa. Kwenye shata ya Compur-Rapid, weka 1/500 kabla ya kukoki, kwa kuwa kuna springi ya ziada inayoshikwa wakati huo. Kuilazimisha baadaye ni kuivunja. Kijiti cha kujipiga mwenyewe nacho kiache kilale. Kimegandisha shata nyingi.

Mita za zamani za seli ya seleni zimechoka, mshale ukicheza usikudanganye. Mita ya 124G ilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, isiyouzwa tena. Ukiweka ya volti 1.5 inasoma uongo. Betri ya hewa na zinki namba 675, ya vifaa vya kusikia, inakaribia zaidi, ila ni ndogo na inahitaji pete ya kuishikilia. Mimi hutumia programu ya simu, au jua lenyewe: filamu ya ISO 100, jua kali, 1/125 kwa f/16. Jua la saa sita likiwa utosini macho ya mtu aliyevaa kofia huwa gizani, basi mwongezee vituo viwili vya mwanga au msogeze kivulini.

Picha haina nguvu, kama imefunikwa chandarua

Angaza tochi kutoka nyuma ya lenzi, shata kwenye B. Ukiona nyuzi kama mizizi, hiyo ni kuvu. Ukiona utando sawa wa maziwa, ni mafuta yaliyovukiza ndani. Tanga, Mombasa, Unguja, kote pwani, chanzo chake kikubwa ni lile begi zuri la ngozi lililokuja na kamera. Ngozi inanyonya unyevu na kuulisha ukungu. Toa kamera humo, iweke kwenye chombo cha plastiki kinachobana pamoja na vifuko vya silika vilivyokaushwa. Mchele hauifai, unaacha vumbi.

Hendeli imegoma

Usilazimishe. Kamera nyingi hukataa kusogeza kabla hujapiga, kwa hiyo bonya kwanza. Kwenye Rolleiflex, baada ya kuzungusha mbele sharti urudishe nyuma mpaka mwisho, maana huko nyuma ndiko shata inakokokiwa. Kagua pia kufuli ya kibonye. Bado? Ingia gizani, fungua mgongo, papasa kama karatasi imechanika au imejikunja kando ya spuli.

Alama za mwezi mchanga, madoa, urujuani

Vimwezi vyeusi kwenye negativu ni mikunjo ya vidole vyako ulipokuwa ukiingiza filamu kwenye rili. Filamu ya 120 ni pana na nyororo, hukunjika haraka, na rili yenye unyevu huishika katikati ya safari. Kausha rili kwa siku nzima. Ukiviringua filamu iliyopigwa, ncha huru ndiyo inayotangulia, ile yenye utepe wa kuishikiza kwenye karatasi inakuja mwisho. Vuta utepe polepole, ukiuvuta kwa pupa hutoa cheche ndogo ya mwanga.

Michirizi na anga lisilo na usawa hutokana na dawa ya moto. Maelekezo mengi ni ya 20°C, na bomba la pwani halitoi hiyo. Muda ukishuka chini ya dakika 5, dawa haipati nafasi ya kuenea. Badala ya kufupisha, weka chupa zote kwenye beseni la maji na barafu, barafu ibaki nje ya dawa, na tumia dawa iliyozimuliwa: filamu ya HP5 Plus kwenye dawa ya D-76 isiyozimuliwa ni dakika 7 na nusu kwa 20°C, ikizimuliwa nusu kwa nusu inakuwa 11. Maji ya kusuuzia nayo yawe ya joto hilo hilo.

Filamu ikitoka na utando wa maziwa, au urujuani mzito usiotoka, fiksa imechoka. Chukua kipande cha filamu, kidumbukize kwenye fiksa taa zikiwa zimewashwa, pima inachukua muda gani kuwa angavu, kisha kazia filamu yako mara mbili ya muda huo. Iliyokwisha toka vibaya irudishe kwenye fiksa mpya, hata leo, hata kama imekaa kwenye bahasha mwezi mzima.